Jineri Ilijengwa kwa Ajili ya Meli

Anayetaka kujua pamba ya Mara ilikuwa ya nani asianze na daftari la bei. Aanze na ramani ya majengo. Mugango iko ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Kibara iko Mwibara, katika nchi iliyochomoza kando ya Ghuba ya Speke. Ushashi iko Bunda, wilaya inayojulikana kwa pamba kuliko nyingine zote mkoani. Hizo ni miongoni mwa jineri za zamani za Mara, yaani viwanda vya kuchambua pamba, kutenga nyuzi na mbegu. Sasa tazama upande wa pili wa ramani. Wilaya ya Serengeti haina ufukwe, na Tarime nayo haina tangu Rorya ilipomegwa mwaka 2007. Pamba ya Nata, ya Issenye au ya Ngoreme, huko Serengeti, ilipaswa kuteremka magharibi kufuata kiwanda, na gharama ya safari hiyo ilikuwa inakatwa katika bei aliyolipwa mkulima hata pale ambapo hakuna aliyemtajia. Hoja ya makala haya ni kwamba jineri za kanda hii ziliwekwa na kuchorwa kwa faida ya msafirishaji wa nyuzi, na kwamba kila zama zilizofuata, za ushirika, za mashirika ya umma na za soko huria, zilibadilisha mshika funguo bila kuhamisha mlango. Anayelaumu zama moja tu kwa kuanguka kwa pamba ya Mara anaacha sehemu kubwa ya ushahidi, nao ushahidi huo umejengwa kwa tofali na mabati.

Tuanze na hesabu ya kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyochora jengo. Mkulima huvuna pamba mbegu: nyuzi zikiwa zimeshikana na mbegu zake. Katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kama kilo 34 tu, na karibu zote zinazobaki ni mbegu. Robota moja la kawaida hapa Afrika Mashariki lina ratili 400, sawa na kilo 181 hivi, kwa hiyo linahitaji zaidi ya kilo 500 za pamba mbegu. Ekari moja ya mkulima wa kawaida haifikishi kiasi hicho. Kwa maneno mengine, kabla ya kuchambuliwa, pamba ni mzigo mwepesi kwa thamani na mkubwa kwa ujazo. Gari hujaa kabla halijalemewa, na theluthi mbili za uzito uliobebwa ni kitu ambacho mnunuzi wa ng'ambo hakihitaji. Busara ya kawaida ingesema kiwanda kisogezwe shambani ili mbegu zibaki kijijini, zikamuliwe mafuta, mashudu yalishwe ng'ombe, na zinazosafiri ziwe nyuzi peke yake. Wilaya zenye mifugo mingi kama Tarime na Serengeti ndizo zingefaidika zaidi na mpango wa namna hiyo. Kwamba mambo hayakupangwa hivyo ni jambo linalohitaji maelezo.

Jengo la jineri ya zamani lina umbo linalofanana kutoka Buganda hadi Usukuma. Ni banda refu lenye paa la mabati la mgongo mmoja, kuta za tofali au za mabati, na matundu ya hewa karibu na paa kwa sababu vumbi la pamba hukaba pumzi. Pembeni kuna nyumba ya injini, iliyotengwa kwa ukuta. Zamani ilikuwa na boila la mvuke lililolishwa kuni, baadaye ikaja injini ya dizeli. Kutoka hapo hutoka mhimili mrefu wa chuma uliolala kwa urefu wa banda, na kutoka kwenye mhimili huo hushuka mikanda inayozungusha mashine zilizopangwa safu, kila moja na mtu wake. Mashine zenyewe, nyingi zikiwa za roli na nyingine zikitoka kwa Platt Brothers wa Oldham huko Uingereza, hufanya kazi kwa namna rahisi kueleza: roli iliyovishwa ngozi huzivuta nyuzi na kuzipitisha chini ya kisu kilichosimama, huku kisu kingine kikipanda na kushuka kuzigonga mbegu zisipite. Mbegu huanguka chini ya sakafu iliyoinuliwa. Nyuzi hupelekwa mwisho wa banda kwenye shinikizo, ambako hukandamizwa, hufungwa kwa utepe wa chuma na kupigwa namba. Maghala hukaa mbali na banda, kwa kuwa cheche moja ya kisu kilichogusa jiwe huweza kuteketeza mavuno ya tarafa nzima.

Tazama mpangilio huo kwa makini na utaona safari yenye mwelekeo mmoja. Upande wa kuingilia kuna uwanja na mizani. Upande wa kutokea kuna shinikizo na njia ya kwenda gatini. Mkulima anaishia kwenye mizani. Hapo pamba yake hukaguliwa na kuitwa safi au fifi, hupimwa, hulipwa, na yeye hugeuka. Ndani hamna nafasi iliyotengwa kwa ajili yake: hakuna mahali pa kuona asilimia ya nyuzi iliyotoka kwenye gunia lake, wala mlango wa kurudishia mashudu. Shinikizo, ambalo ndilo moyo wa upande wa pili, lina maana moja tu, nayo ni safari ya mbali. Pamba ya kusokotwa jirani haihitaji kukandamizwa hadi iwe ngumu kama gogo. Inayokandamizwa ni ile itakayolipiwa nafasi melini. Umbo la jengo linatamka kwamba fundi aliyelichora alikuwa akimfikiria mwenye meli kuliko mwenye jembe.

Na meli zilitangulia. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na miaka michache baadaye stima kama Winifred, Sybil na Clement Hill zilikuwa zikizunguka ziwa kukusanya mizigo. Mwaka 1902 wenye viwanda wa Lancashire waliunda Chama cha Uingereza cha Kukuza Pamba, kwa hofu ya kuitegemea Marekani peke yake. Mwaka 1903 Kenneth Borup wa Kampuni ya Uganda akaleta mbegu zilizogawiwa kwa machifu wa Buganda. Wajerumani upande wetu walikuwa na hofu ileile, na kule kusini mashamba ya pamba ya kulazimishwa yakawa mojawapo ya vyanzo vya vita vya Maji Maji mwaka 1905. Huku Mara Wajerumani walijenga boma Shirati na ngome Ikoma, kwa ajili ya askari na mpaka. Pamba waliihimiza zaidi upande wa Mwanza. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Ikoma ilifaa kwa ulinzi kwa kuwa iko mbali. Kwa sababu hiyohiyo haikufaa kwa biashara iliyotegemea gati. Hadi reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, nyuzi za ukanda wote huu zilikuwa na njia moja ya maana: kwa meli hadi Kisumu, kwa treni hadi Mombasa. Jineri iliyokaa mbali na maji ingekuwa imekaa mbali na dunia.

Hapa patatokea pingamizi la kwanza, nalo lina uzito. Wapo wanaosema kwamba kuikusanya kazi ya uchambuaji katika viwanda vichache kulikuwa kwa ajili ya ubora, si kwa ajili ya kumnyima mkulima. Wanataja sheria ya Uganda ya mwaka 1908, wakati wa Gavana Hesketh Bell, iliyopiga marufuku mashine za kuchambulia za mkono na kuagiza aina zote za pamba zing'olewe isipokuwa moja. Ni kweli kwamba mashine za mkono zilikuwa zikikata nyuzi na kuchanganya mbegu, na kwamba mnunuzi wa Liverpool alikuwa ameanza kulalamika. Ni kweli pia kwamba mbegu ikichanganyika mwaka mmoja, hasara huendelea misimu mingi, na kwamba kituo cha utafiti cha Ukiriguru kisingeweza baadaye kusambaza mbegu zake zenye majani ya manyoya, zinazostahimili vijidudu vya jasidi, bila kudhibiti jineri. Hayo yote nayakubali. Lakini hoja ya ubora inaeleza kwa nini viwanda viwe vichache na vyenye leseni. Haielezi kwa nini viwe ufukweni. Mkaguzi wa ubora angeweza kukaa Mugumu, mji wa Serengeti, kama alivyokaa Mugango. Aliyeshindwa kufika Mugumu ni mwenye meli. Isitoshe, sheria zilizomlinda mnunuzi dhidi ya nyuzi mbovu zilichelewa sana kumlinda mkulima dhidi ya mizani mbovu.

Pingamizi la pili husikika zaidi mitaani kuliko vitabuni: kwamba watu wa Tarime na Serengeti hawakuipenda pamba kwa kuwa wao ni watu wa ng'ombe, na jembe la zao la biashara halikuwa lao. Maneno haya yanarudia lugha ya maofisa wa kikoloni, na ushahidi unayapinga. Nyanda za juu za Tarime zililima kahawa, na baadaye tumbaku ikaingia. Yote mawili ni mazao ya biashara yenye kazi nyingi. Vijana wa Kikurya wa wilaya hizi walitoka kwa maelfu kwenda kwenye mashamba ya Kenya, kwenye machimbo ya dhahabu na jeshini. Watu wasiotaka fedha hawafanyi hivyo. Walichokuwa wakikifanya ni hesabu. Kilo moja ya kahawa iliyokaushwa ina thamani kubwa kuliko kilo moja ya pamba mbegu, na hubebeka kichwani kwenye mteremko. Ng'ombe hujisafirisha mwenyewe kwa miguu yake hadi mnadani. Mshahara wa Kenya hurudi mfukoni. Pamba peke yake ndiyo iliyotaka gari, barabara na kivuko kabla haijampa mtu chochote. Ukiondoa gharama hizo kwenye bei, utaona kwamba mkulima wa Tarime aliyeiacha pamba na mkulima wa Majita, kando ya ziwa, aliyeishikilia walikuwa na akili moja, ila walikaa umbali tofauti na jineri.

Tofauti hiyo inaonekana hata ndani ya Serengeti yenyewe. Wilaya ililima pamba na bado inalima, hasa magharibi, ambako udongo na mvua vinafaa na ambako safari ya kwenda kiwandani ni fupi. Kuanzia mwaka 1951, hifadhi ya taifa ilipotangazwa na mipaka yake kuchorwa upya mwaka 1959, ardhi ya mashariki ilizidi kufungwa, na kilimo kikasukumwa katika ukanda mwembamba kati ya wanyama na ziwa. Kwa hiyo pamba ya Serengeti ilistawi kule ambako ilikuwa karibu na wenye kiwanda, na mipaka ya hifadhi ikaimarisha kile ambacho barabara zilikuwa zimeanzisha.

Sasa tuje kwenye mizani, maana hapo ndipo historia ya pamba ilipogeuka. Kabla ya miaka ya 1950, jineri nyingi za Kanda ya Ziwa zilikuwa za wafanyabiashara wa Kihindi, waliofanya kazi kwa leseni ya serikali na katika maeneo waliyogawiwa. Mkulima aliyefika na gunia lake baada ya siku mbili za njiani hakuwa na nguvu ya kubishana. Akikataa kipimo, atarudi na mzigo? Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na umbali ulikuwa unamnolea kisu mnunuzi. Malalamiko ya mizani ndiyo yaliyozaa ushirika. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake walianzisha chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, mwaka 1953 vyama vya msingi vikaanza kusajiliwa, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria. Mwaka 1956 shirikisho lilifungua jineri yake ya kwanza Kasamwa, Geita. Kufikia mwisho wa mwongo huo, ununuzi wa pamba ya kanda nzima ulikuwa umepita mikononi mwa wakulima wenyewe kupitia vyama vyao, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya marobota 400,000 kwa mwaka.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa, na atakayesoma makala haya kama dharau kwa ushirika atakuwa amesoma vibaya. Ushirika uliirudisha mizani. Gulio likasogea karibu na kijiji, karani akawa mtu anayejulikana, na faida ya uchambuaji ikaanza kubaki nyumbani. Lakini ushirika ulinunua na kujenga jineri zilezile: banda lilelile, roli zilezile, shinikizo lilelile, na mahali palepale pa karibu na maji au barabara kuu. Gulio likiwa kijijini, safari haikuondoka; ilihamishwa tu kutoka mgongoni mwa mkulima hadi kwenye vitabu vya chama, ambako iliandikwa gharama za usafiri na kukatwa kabla ya malipo. Mkulima wa Ngoreme alilipwa bei moja na mkulima wa Kibara, jambo la haki, lakini chama kilichomhudumia wa Ngoreme kilitumia mafuta, matairi na magari zaidi kwa kila kilo. Chama cha mbali kikawa dhaifu hata pale kilipoendeshwa kwa uaminifu. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilipochunguza ushirika nchini iligundua wizi na uzembe, na kweli vilikuwepo. Hata hivyo, ukaguzi wa hesabu hauwezi kuona udhaifu uliojengwa kwenye ramani.

Yaliyofuata yaliongeza umbali huo. Mwaka 1968 shirikisho lilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Pamba. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikawahamisha watu kwa haraka hadi vijiji vya pamoja, wengi wakaachana na mashamba waliyoyajua. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, na jineri zikawa mali ya mamlaka iliyosimamiwa kutoka mbali. Mkulima aliyekuwa mwanachama akarudi kuwa muuzaji. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Mara kikaandikishwa upya mwaka 1984, lakini kilirithi mashine zilizochoka, madeni na magari yasiyo na vipuri. Katika muda usiozidi miaka 30, jineri ya Mara ilikuwa imebadilisha wenyewe mara nne. Jengo halikusogea hata hatua moja.

Katika kipindi hichohicho taifa liliamua kuvunja mwelekeo wa zamani kwa njia nyingine: kusokota na kufuma hapahapa. Azimio la Arusha lilikuwa limepita, na mwaka 1968 vilianza viwanda viwili vikubwa, Urafiki cha Dar es Salaam kwa mkopo wa China na Mwatex cha Mwanza kwa mitambo na usimamizi wa Wafaransa. Wachumi wameviweka mara nyingi kwenye mizani moja: Mwatex kilikuwa na mitambo ya kisasa zaidi na wafanyakazi wachache, Urafiki kilikuwa na mitambo rahisi na watu wengi. Katika zama za shirika la taifa la nguo, Texco, Mara nayo ikapata chake, Kiwanda cha Nguo cha Musoma, ambacho kila mtu mkoani anakiita Mutex. Kwa mara ya kwanza pamba ya mkoa ingeweza kuwa kitambaa bila kuvuka ziwa. Ikiwa hoja yangu ni kwamba jineri ilijengwa kwa ajili ya meli, basi Mutex ndicho kiwanda kilichojengwa dhidi ya meli, na ndicho kinachostahili kuipima hoja hiyo.

Kiwanda cha nguo ni jengo la aina nyingine kabisa. Jineri ni banda. Hufanya kazi miezi michache ya msimu kisha hulala. Kiwanda cha kusokota na kufuma hakiwezi kulala. Kumbi zake ni pana, zenye nguzo chache, ili safu za mashine zipite bila kizuizi. Hewa ya ndani hutakiwa iwe na unyevu uliopimwa, kwa sababu uzi hukatika hewa ikikauka, kwa hiyo madirisha hufungwa na kazi ya kutia hewa hufanywa na mitambo. Kupaka rangi na kuchapa kunataka maji mengi safi, boila la mvuke na mahali pa kumwaga maji machafu. Kila moja ya mahitaji hayo hutegemea umeme usiokatika, mafuta, rangi na vipuri. Jineri ikikosa mkanda, fundi wa ngozi wa mtaani anaweza kuhangaika hadi ikazunguka. Kiwanda cha nguo kikikosa kipande kimoja cha chuma kutoka Ulaya, safu nzima husimama.

Pingamizi la tatu linazaliwa hapa: kwamba Mutex kilijengwa mahali sahihi. Musoma ina ziwa, bandari, ofisi na watu. Hakuna mhandisi ambaye angekipeleka kiwanda cha kupaka rangi Mugumu katika miaka ile. Nakubali bila shaka yoyote. Jinja nchini Uganda ilipata kiwanda chake cha nguo, Nytil, katika miaka ya 1950, na bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954. Nguo hufuata maji na umeme. Lakini kukubali hilo kunaikaza hoja badala ya kuilegeza. Musoma ilikuwa na faida ya mahali ikiwa tu ziwa linapitika kwenda Kisumu na barabara inapitika kwenda bara. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli na meli zikagawanywa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mji ambao biashara yake ilikuwa imeelekea Kisumu tangu enzi za stima ukajikuta umegeuziwa mgongo na upande wake wa mbele. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta vikamaliza fedha za kigeni. Gridi ya taifa haikufika Kanda ya Ziwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo miji yake iliendeshwa kwa dizeli, bidhaa iliyokuwa adimu kuliko pamba yenyewe.

Na upande wa bara? Kati ya Musoma na Tarime kuna Mto Mara, na daraja la Kirumi halikuwepo hadi miaka ya 1980. Hadi hapo gari la pamba au la nguo lilisubiri kivuko. Tafakari maana yake. Serikali iliweka mtaji mkubwa katika kumbi za kusokota uzi kabla ya kuweka daraja kwenye barabara inayokifikisha kiwanda kwa nusu ya mkoa wake. Utaratibu ulikuwa uleule wa jineri ya kikoloni: jengo kwanza, mkulima baadaye. Mutex kilikusudiwa kuvunja utegemezi wa meli, lakini vipuri na rangi zake vilikuwa bado vinakuja kwa meli. Kilisimama katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na mitumba ikijaza masoko kuanzia Sirari mpakani hadi Bunda.

Wanaotetea soko huria watasema kwamba ushindani ndio ulioleta dawa. Sheria ya pamba ya mwaka 1994 iliruhusu wanunuzi binafsi, na kwa misimu michache magari ya makampuni yalifika vijijini na fedha taslimu mkononi, jambo ambalo vyama vilikuwa vimelisahau. Faida hiyo ilikuwa ya kweli na si haki kuificha. Ila wanunuzi hao walishindania pamba mbegu, na wakaipeleka kwenye jineri zao zilizokaa kando ya barabara kuu. Mbegu za aina mbalimbali zikachanganywa, daraja la safi na fifi likapoteza maana kwa kuwa kila gunia lilinunuliwa, na vyama vikuu, kile cha Mara kikiwemo, vikazama. Serikali ilibidi irudi na Sheria ya Sekta ya Pamba ya mwaka 2001 na Bodi ya Pamba, na baadaye ununuzi ukarudishwa kupitia vyama vya msingi. Mzunguko ukakamilika, na mpaka leo sehemu kubwa ya nyuzi za Tanzania huuzwa nje zikiwa ghafi, ndani ya marobota yaliyokandamizwa kwa ajili ya safari, kama zilivyouzwa wakati wa stima.

Kutokana na hayo yote, hukumu yangu ni kwamba umiliki ulikuwa swali la pili. Swali la kwanza lilikuwa mahali na umbo la kiwanda, nalo halikuwahi kuulizwa na serikali yoyote kwa niaba ya wilaya za mbali. Leo masharti yamebadilika. Umeme wa gridi umefika Mugumu na Tarime, lami inaelekea bara, na zipo mashine ndogo za kuchambua na za kukamua mafuta zisizohitaji bandari. Mbegu ambazo ni theluthi mbili za mzigo zinaweza kubaki zilipovunwa, na mashudu yakaliwa na ng'ombe walewale waliowahi kutajwa kama sababu ya watu hawa kutopenda kilimo. Sisemi kila kata ipate kiwanda. Nasema leseni ya jineri, kabla ya kuuliza wataajiriwa watu wangapi, iulize kilo moja ya pamba kutoka Ring'wani, huko Serengeti, itafika kwa gharama ya nani.

Lipo pia deni la kumbukumbu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hakuna jineri ya Mara yenye umri huo, na hakuna itakayolindwa bila waziri kuitangaza. Ngome ya Ikoma inatajwa katika vitabu vya utalii kwa sababu ilijengwa na askari. Mabanda waliyoyategemea wakulima kwa maisha yao yote yanauzwa bati kwa bati kama chuma chakavu. Halmashauri za mkoa huu zinaweza, kwa gharama ndogo, kuyapima majengo hayo, kuyapiga picha, kukusanya madaftari ya mizani kabla mchwa hawajayamaliza, na kuyapeleka katika Nyaraka za Taifa. Walau banda moja, na mashine zake za roli, litangazwe kuwa urithi wa taifa wakati bado wako hai wazee waliofanya kazi ndani yake.